Paka Aliyepewa Jina la Mama Mkwe

Paka wa kuokota huingia nyumba ya watu kwa uani. Hunyata kando ya choo, akapitia jikoni, akaiba kichwa cha samaki, akapigwa na mwiko, kesho akarudi, na siku watu wanapochoka kumpiga ndipo huwa paka wa nyumba. Paka wote wa Mkata wanafuata utaratibu huo. Yule wa nyumbani kwa Mhina alikuja kwa mlango wa mbele. Alikuja mchana wa Ijumaa, wanaume wakiwa wametoka msikitini, akawapita dagaa wa Yusra, mke wa Mhina, walioanikwa juu ya gunia bila hata kuwatupia jicho, akaketi nje ya kizingiti, miguu ya mbele kaibana pamoja kama mgeni aliyekuja kuposa. Akangoja.

Mhina akatoka, akamkuta. Mtu mwenye akili angejiuliza ni paka gani huyu asiyejali dagaa. Mhina alicheka, akasema, "Karibu."

Paka akainuka, akaingia.

Huyu Mhina alikuwa mkulima wa mahindi na mihogo, mwenye shamba zuri na nyumba ya bati karibu na barabara, na mikono yake ilikuwa na nguvu. Upungufu ulikuwa juu ya mabega. Alilelewa na mama yake, Bi Mwaija, ambaye alimfanyia kila kitu isipokuwa kumkuza. Ndevu zilianza kuota mvi na bado hakuamua apande mbegu gani mpaka amuulize mama. Bi Mwaija alipokufa, mwaka uliotangulia, Mhina alikaa siku nyingi hajui hata avae shati gani.

Mkewe Yusra naye asitafutiwe huruma. Alikuwa binti wa Korogwe, mzuri wa sura, mwepesi wa kazi na mzito wa kusamehe. Yeye na mama mkwe wake waliishi nyumba moja kama majogoo wawili ndani ya tenga. Bi Mwaija alikuwa mnusa ugoro, mkohozi, mwenye kopo la kutemea chini ya kiti chake, na mezani alikuwa na ugonjwa mmoja: chumvi. Hakuonja kwanza. Alinyunyiza chumvi kwenye mchuzi, kwenye uji, hata kwenye papai, na kila aliponyunyiza alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha mabasi, kwamba binti wa Korogwe anapika kama anayepikia wagonjwa. Mimba mbili za Yusra zilipotoka, alisema tumbo lenyewe halina chumvi. Siku ya mazishi yake Yusra alilia vizuri sana. Waliomjua waliona kwamba analia kwa raha.

Sasa alikuwa mjamzito tena, na safari hii mimba ilikuwa imeshika, imevuka miezi yote aliyoiogopa. Ugomvi ulianzia hapo. Kwa watu wa pande hizo jina la marehemu halitupwi. Mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba, na akishapewa, baba yake humwita "mama," mama yake humwita "mkwe," wala hapigwi ovyo, maana anayempiga amempiga mwenye jina. Kila jamaa aliyepita kwenda Handeni alisimama, akalitazama tumbo la Yusra, akasema Mwaija huyo anakuja. Yusra akawa anatabasamu kwa meno tu. Amwite mkwe binti wa tumbo lake? Aamke alfajiri akinyonyeshe kile kizee? Yeye alishachagua jina lake, tamu, la kisasa, alilolitoa kwenye tamthilia, na alikuwa akitafuta njia ya kulifuta lile la zamani bila kugombana na ukoo mzima.

Njia ikaingia yenyewe kwa mlango wa mbele.

Paka alikubaliwa kwa sababu ya panya, maana chumba cha mahindi kilikuwa kimegeuka kijiji chao. Alikuwa jike, wa kijivu, mkubwa, sikio moja limechanika, macho ya rangi ya mafuta ya alizeti. Jioni hiyo wakaketi kumtafutia jina. Mhina alisema aitwe Diwani, kwa kuwa amekuja na tumbo lake, hakuna aliyemwita, na haijulikani atafanya kazi gani. Yusra akamwambia ni jike. Mhina akasema basi Diwani wa Viti Maalumu, akajicheka mwenyewe mpaka akapaliwa na chai. Wakamwita Chausiku. Wakamwita Pili. Wakamwita Sikujua. Kila jina paka alilipokea kama mteja anayeoneshwa kitambaa kibovu. Halafu akaruka juu ya kiti cha kamba cha Bi Mwaija, kiti ambacho tangu msiba hakikukaliwa na mtu, akajikunja, akamtazama Yusra kuanzia miguuni mpaka kichwani, akageuza uso.

Yusra aliujua mtazamo ule. Aliula miaka sita pamoja na ugali.

"Huyu ni Mwaija," akasema.

"Yusra. Hilo ni jina la mama."

"Ndilo hilo hilo. Mwangalie alivyokaa. Utadhani nimemuunguzia maharage."

Mwanamume mwenye heshima ya mama yake angekataa pale pale. Mhina alitazama paka, akatazama mkewe, akaona lililo rahisi ni kucheka, akacheka. Lakini Yusra hakuwa anatania. Aliona mbali, kwa jinsi anavyoona mbali mtu mwenye kinyongo: jina likishavaliwa na paka anayejilamba matako mbele za watu, ni shangazi gani atathubutu kulibandika kwa mtoto? Na ili limgande vizuri, akafanya kama anavyofanyiwa mtoto. Akakoroga unga wa mahindi kwenye maji, akachovya kidole, akampaka paka kwenye paji la uso, akaita, "Mwaija. Mwaija. Mwaija." Mtoto akiitwa hivyo, shangazi huitika kwa niaba yake, kwa sababu mwenyewe hajui kusema. Pale hakukuwa na shangazi. Yusra akapangusa kidole kwenye kanga, anacheka, na alipokuwa bado anacheka paka akafungua mdomo na kutoka ndani yake ikaja sauti ndogo, kavu, ya kikongwe:

"Abee."

Mhina alisema paka amelia. Amesikia paka maisha yake yote, na bado alisema paka amelia.

Panya waliondoka. Si kwamba walikamatwa, maana huyo Mwaija wa manyoya hakukimbiza hata mende. Waliondoka tu, na Mhina akatembea mtaani akimsifu paka wake kama mtu aliyemsomesha. Baada ya panya wakaondoka mijusi wa ukutani. Kisha kuku wa Yusra wakakataa kuingia bandani, wakawa wanalala juu ya mchongoma wa jirani, na asiyejua kusoma alama hiyo angalau angeisoma iliyofuata: nzi waliisha. Chungu cha mchuzi kikiachwa wazi, mabaki yakiwa kwenye sinia, samaki mbichi akiwa juu ya jiwe la kufulia, hakuna nzi. Nyumba nzima ikawa na ukimya wa ndani ya mtungi. Mhina akasema paka ameleta usafi.

Noonkipa, mama wa Kimasai aliyekuwa akileta maziwa kutoka nyikani, ndiye wa kwanza kusema ukweli, na hakuusema kwa upole. Alifika asubuhi, akasikia Mhina akiita ndani, "Mama Mwaija, maziwa yamekuja," akaona anayetoka ni nani, akakizungushia kibuyu chake mfuniko.

"Mama Mwaija si mlimzika?"

Yusra akamweleza, kwa majivuno kidogo, jinsi jina lilivyotolewa.

"Sisi mtu akishakufa jina lake hatulitaji hata kwa kunong'ona," Noonkipa akasema. "Nyinyi mmelichukua mkampa kitu kisicho na kwao. Kina mdomo, kina macho, kilikosa jina tu." Akakitazama kile kitu, nacho kikamtazama. "Maziwa kanunueni kwingine. Yangu yatakatika."

Yusra akamwita mshamba. Lakini baada ya siku hiyo alianza kumwita paka Diwani. Alisema mbele ya Mhina kwamba jina limebadilika, mzaha umekwisha. Akaita Diwani mpaka mate yakamkauka. Paka akafumba macho kama mtu mzima anayesubiri mtoto amalize upumbavu wake.

Hapo ndipo harufu ilipoingia. Kwanza ilikuwa ya kupita, mtu akipepesa jicho tu imekwenda: ugoro. Yusra alikuwa akipiga chafya jikoni, akanusa kanga yake, akanusa mapazia, akatoa magodoro nje yapigwe jua, na alipoyarudisha ndani harufu ilikuwa imekaa kitako kumsubiri. Ikafuata sauti. Ilikuja saa ya adhuhuri, jua likiwa utosini na barabara imelala, saa ambayo hata mbwa hujificha kwenye kivuli chake: kikohozi kirefu cha kifuani, mkwaruzo, kisha mlio mdogo wa kitu kinachodondokea kwenye kopo. Kopo lenyewe Yusra alilitupa kwa mkono wake, siku ya tatu ya msiba, kwenye shimo la choo.

Mhina naye alisikia. Ubaya wa Mhina ni kwamba hakuogopa. Alianza kumpakulia paka kabla hajajipakulia mwenyewe. Alimwondolea kiti cha kamba uvumbi. Akitoka shambani alisimama mlangoni, jembe begani, akasema, "Shikamoo mama," mwanzoni kwa kucheka, baadaye bila kucheka, na siku moja, Yusra akiwa uani anachambua mchicha, akasikia mumewe akiamkia kama kawaida yake, na kabla ya pumzi kupita akasikia pia, kwa sauti ile ile kavu iliyomnyima raha miaka sita:

"Marahaba."

Yusra akaingia ndani mikono ikiwa na udongo. Mhina alikuwa amesimama pale pale, machozi yanamtiririka, anatabasamu kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana.

"Umesikia?" akanong'ona. "Amerudi."

Yusra alikuwa anaitazama sahani. Paka alikuwa amewekewa ugali na samaki wa kuchoma. Ugali ulikwisha. Samaki, aliyepakwa chumvi na ndimu, alikuwa amesukumwa mpaka ukingoni, hajaguswa. Akakumbuka dagaa wa siku ya kwanza, nao walitiwa chumvi. Akakumbuka mchuzi ambao siku zote ulibaki. Mtu humjua adui yake kuliko wanavyomjua wanaompenda, na Yusra alimjua Bi Mwaija kwa undani wa kumtapisha. Akaenda jikoni, akachukua konzi ya chumvi, akarudi, akainyoosha mbele ya kile kiti. Paka akarudi nyuma. Akarudi, akarudi, mpaka mgongo wake ukabanana na ukuta, na manyoya hayakusimama, wala hakufoka kama paka. Alikunja midomo, akatoa meno ambayo kinywa cha paka hakina nafasi nayo.

"Huyu si mama yako," Yusra akasema polepole. "Mama yako angeilamba chumvi hii kwenye kiganja changu na kunitukana kwamba ni chache."

"Ameacha," Mhina akasema. "Huko alikotoka hawali chumvi."

Mtu wa namna hiyo hasaidiki. Yusra akaamua kujisaidia. Akamwaga chumvi kwenye kizingiti cha chumba cha kulala, mstari mzima, akaingia akajilaza, na mgongo haujatulia kitandani mtoto tumboni akajipinda kama nguo inayokamuliwa, maumivu yakamshika kiunoni yakashuka mapajani, maumivu aliyoyafahamu kwa sababu yalimjia mara mbili kabla na mara zote mbili yaliondoka na mtoto, basi akatambaa, kwa magoti, jasho likimdondoka puani, akaifagia chumvi ile kwa viganja mpaka punje ya mwisho, na alipoifagia maumivu yakakatika. Paka alikuwa ameketi upande wa pili wa kizingiti. Aliingia, akapanda kitandani, akaegesha sikio lake lililochanika juu ya tumbo, na mtoto akatulia.

Tangu siku hiyo mtoto hakucheza ila kwa idhini. Yusra akimwimbia, kimya. Akijigusa tumbo, kimya. Mhina akiita sebuleni, "Mama Mwaija," paka akigeuka kwenye kiti, mtoto naye aligeuka tumboni, kwa pamoja, upande ule ule, kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Yusra alikuwa analiona tumbo likisogea chini ya kanga akaelewa, kwa mara ya kwanza maishani mwake bila kumlaumu mtu mwingine, kwamba alitaka kumnyima mtoto jina na sasa alikuwa anakaribia kunyimwa mtoto.

Akamwita Semboja.

Semboja wa Kabuku alikuwa na kibao cha rangi nyekundu kando ya barabara kuu, kilichosema anatibu mapenzi, biashara, nguvu za kiume na kesi za mashamba. Hakuwahi kukutana na jini maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa rahisi: alifukiza ubani mpaka watu watoke machozi, akauliza kwa sauti nene jini ni nani, kisha akajijibu kwa sauti nyembamba akiwa ameficha mdomo kwenye shuka jeupe, jini likadai marashi na mbuzi, na mbuzi akaenda Kabuku. Alifika alasiri kwa bodaboda, kanzu inapepea, mkoba umejaa chupa. Alipomwona mgonjwa ni paka aliwatazama wenye nyumba kwa dharau ya wazi, na kwa hilo hakukosea.

Akafunga madirisha. Akafukiza. Akajitanda shuka lake, akaketi mbele ya kiti cha kamba, akaanza.

"Wewe uliyemo humu, ni nani?"

Akavuta pumzi ajijibu. Akajibiwa.

"Mwaija."

Sauti haikutoka kwa paka peke yake. Ilitoka kwenye kiti, kwenye paa, na Yusra akaisikia pia ndani ya mbavu zake. Chetezo mkononi mwa Semboja kikainama, makaa yakamwagika chini. Angekuwa na akili angekimbia, lakini mdomo, kwa mazoea tu, ukaendelea na maneno yaliyobaki.

"Wa... watoka wapi?"

"Nje. Nikakaribishwa."

Mhina akainamisha kichwa.

"Wataka nini?"

"Changu. Nimepewa jina la watu. Mwenye jina ana kiti, na mimi ninacho. Ana mwana, na mimi ninaye. Ana mjukuu."

Paka akamgeukia Yusra. Chini ya Semboja kanzu ilikuwa inalowa, na duara la maji lilitambaa kuelekea kwenye makaa, likayazima moja moja kwa mlio mdogo. Yusra akasema, kwa mnong'ono mkali, "Semboja, mtoe. Si ndiyo kazi yako? Mtoe."

Semboja hakujua chochote, na mtu asiyejua chochote akibanwa hutoa lolote. Alitoa la kwanza lililomjia. Alisema, meno yakigongana, kwamba aliyetoa jina ndiye anayeweza kulichukua. Alichukue, amrudishie mwenyewe. Likishakaa kwa mwenyewe, huyu atabaki hana kitu, atakwenda.

"Mwenyewe ni nani?" ile sauti ikauliza. Iliuliza kwa utulivu, karibu kwa upole.

Na Mhina, mwanamume mwenye ndevu, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango, akanyoosha kidole. Akalionesha tumbo la mkewe.

"Sawa," sauti ikasema. "Nimekubali."

Yusra alisita. Alikuwa na kila kosa isipokuwa ujinga. Hajapata kusikia jini lililokubali mara moja. Hugoma, hudai ng'ombe, hudai kitambaa chekundu, hutishia ukoo. Hili lilikuwa kama mtu aliyekuja na gunia tupu akaambiwa chukua. Lakini hapo hapo maumivu yakamshika, yale yale ya kiunoni, yakaanza kushuka, na mtoto hakuwa ametikisika tangu asubuhi, na kwenye chumba kile chenye moshi walikuwepo mwanamume aliyenyoosha kidole na mwanamume aliyejikojolea, hakuna wa kumuuliza, hakuna mama, hakuna shangazi, hata yule mkwe mwenyewe wa kweli, ambaye kwa ulimi wake angelitimua jini hilo mpaka Chalinze, alikuwa chini ya udongo kwa raha ya Yusra, basi akakamata bakuli, akakoroga unga kwa maji, akachovya kidole, akapangusa nacho paji la uso la yule paka, ambaye alilitoa kwa hiari kama mtoto anayeogeshwa, akafunua kanga, akajipaka unga ule tumboni, juu ya kitovu.

"Mwaija," akaita. "Mwaija. Mwaija."

"Abee," ikaitikiwa.

Mhina alidhani ameitika Semboja, kwa niaba ya shangazi. Semboja alidhani ameitika mwenye tumbo. Yusra alikuwa amefunga mdomo.

Paka akaanguka kutoka kwenye kiti. Hakuanguka kama mnyama, alianguka kama gunia lililomwagwa. Walipomgeuza walikuta ngozi kavu, nyepesi, mifupa inagongana ndani yake, macho yameshaliwa zamani na wadudu. Paka huyo alikuwa amekufa kabla hajafika mlangoni. Maumivu ya Yusra yakakoma. Mtoto akapiga teke, teke zuri, la afya. Na kwenye mfuniko wa chungu, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akatua nzi.

Semboja alipona haraka kuliko wote. Alibadili kanzu, akapokea mbuzi wake, na mpaka leo anawasimulia watu wa Kabuku jinsi alivyolikamata jini la Mkata kwa masharubu. Kibao chake amekipaka rangi upya.

Yusra alikwenda kujifungulia kwao Korogwe. Kwa wiki zile zilizobaki harufu ya ugoro haikumfuata, na alianza kuamini. Akazaa mtoto wa kike, mzito, mwenye nywele. Mhina akaja na basi, akamshika kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo mama," na wote wakacheka, kwa sababu ndivyo baba anavyomtania mtoto mwenye jina la mama yake, na mtoto akapiga miayo. Hakuna mtu aliyeuliza ataitwa nani. Lile jina la tamthilia Yusra hakulitaja tena.

Mama yake Yusra, Bi Husna, ana nyumba upande wa chini, karibu na mto, mahali ambapo mbu wa Korogwe wana uzito wa kuangusha taa. Mtoto alipofikisha umri wa kuonjeshwa uji, Yusra alikuwa bado hapo. Kila Mhina alipopiga simu, mkewe alipata sababu mpya ya kutorudi Mkata. Asubuhi moja Bi Husna alikuwa anakunja chandarua, anakitia kwenye mfuko.

"Mjukuu wangu ana baraka," akasema. "Tangu mje, mbu hakuna. Hata mijusi waliokuwa wananinyea kwenye maji wamehama."

Yusra akainuka. Akaenda jikoni. Uji wa mtoto ulikuwa umeiva, ameuacha wazi juu ya meza, na dirisha halina wavu. Alisimama akaangalia ukingo wa bakuli kwa muda mrefu, anasubiri nzi, anamwomba Mungu ampe nzi mmoja. Kisha akachukua chumvi, kiasi cha kubanwa na ncha za vidole, akaitia, akakoroga, akaenda nayo chumbani.

Mtoto alikuwa ameketi kwenye mkeka, mito imemzunguka. Alifungua mdomo kwa furaha mpaka kijiko kilipokaribia. Hapo akaufunga. Akakisukuma kijiko kwa kiganja chake kinene, taratibu, mpaka ukingoni mwa mkeka, akamtazama mama yake kuanzia miguuni mpaka kichwani, akageuza uso.

Yusra alirudi jikoni, akamwaga uji, akapika mwingine usio na kitu. Alirudi, akaketi, akachota.

"Kula, mkwe," akasema, na sauti yake haikuwa na nguvu ya kuzima mshumaa.

Mtoto akala wote.

Nje, Bi Husna alikuwa anaanika chandarua chake asichokihitaji tena. Akaita kwa raha zake, kama mabibi wanavyoita watoto wachanga bila kutegemea jibu, "Mwaija! Mwaija wangu!"

Akaitikiwa.

Kijiko kikamwanguka Yusra. Akawahi, akapaaza sauti juu ya ile iliyokwisha toka, "Abee, mama! Abee!" akakohoa, akaitika tena, ili yule aliye uani aamini kwamba amesikia mtu mmoja tu.

Siku hizi amerudi Mkata, na wanawake wa pale wanamsema. Wanasema ana wivu wa ajabu, hamwachi mtoto wake aitwe na mtu; ukiita tu jina la yule mtoto, yeye huitika kwanza, popote alipo, akiwa anasonga ugali, akiwa anaoga, akiwa amelala, anaitika kwa kelele kama kichaa. Mhina yeye haoni ubaya. Anasema nyumba yake haijawahi kuwa safi hivi, hakuna hata nzi.